Mkate wa Tini Nilioruka

Sifa ni zako, Mungu wa baba zetu, uliyenipa pumzi hadi asubuhi hii na nguvu kidogo ya kushika kalamu. Ulinivumilia nilipokuwa kijana wa maneno mengi, na unanivumilia sasa nilipo mzee wa usingizi mwingi. Nisaidie niseme lililotokea kama lilivyotokea, nisipunguze kosa langu wala nisilipambe.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya misheni, hapa Kisangani, ukingo wa kulia wa mto. Siku za kazi nilifundisha watoto kusoma. Jumapili, kwa kuwa mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, mara nyingi mimi ndiye niliyesimama mbele kuhubiri. Sikuwa nimefika hata miaka ishirini na mitano. Niliishi na dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa, naye aliniita leki, yaani mdogo wake. Mama yetu alifariki nikiwa bado natambaa. Yaya ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenipeleka shule, na mume wake alipokufa kabla hawajapata mtoto, alinirudia mimi kana kwamba hakuwa na mahali pengine pa kwenda duniani.

Kazi yake ilikuwa kushona. Alijifunza kwa jirani yetu, fundi wa nguo, mzee Mwislamu ambaye babu zake walifika huku pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, wakakaa, wakazaa, wakawa watu wa hapa kuliko sisi. Mtaa mzima ulimwita Papa Fundi, yaani Baba Fundi. Baraza lake lilitazamana na kanisa letu, na Jumapili alikaa pale akipiga pasi na kusikiliza mahubiri yetu yote bila kuingia. Yaya alipojua kazi vizuri, mzee alimuuzia cherahani yake ya zamani, ile ya kuzungusha gurudumu kwa mkono, na akawa anampa kazi zilizomzidi: mashati ya makarani, magauni ya ubatizo, mapazia ya nyumba za Wazungu.

Siku moja Yaya aliinua chungu cha mawese kutoka mafigani, akanijia nacho mezani, akakiweka. Nilisikia harufu ya nyama kuungua. Ilikuwa ya vidole vyake. Yeye mwenyewe alikuwa anazungumza habari za bei ya samaki sokoni, hakuwa amesikia chochote. Tuliangalia ule mkono wa kulia, tukaona juu kidogo ya kifundo baka lililopauka, kubwa kama jani changa la muhogo. Alikuwa ameliona siku nyingi, akadhani ni sabuni.

Kwenye dispanseri muuguzi alimgusa baka kwa unyoya, kisha kwa ncha ya sindano, macho ya Yaya yakiwa yamefumbwa. Akasema ni ukoma, lakini umeanza tu. Zamani, alisema, watu walidungwa mafuta ya kuuma miaka na miaka. Sasa kulikuwa na vidonge. Angekunywa kila siku, angekuja kila Jumatatu kuchukua vingine, na angebaki nyumbani na kuendelea kushona. Ila asiache. Alilirudia hilo mara mbili. Yaya akatia vidonge katika kikopo kidogo cha bati, akakiweka kwenye droo ya cherahani.

Ilikwenda hivyo miezi minne hivi. Sasa nifike kwangu.

Kanisani tulikuwa na desturi. Mara chache kwa mwaka, baada ya ibada, tuliwasha moto mbele ya mlango, na watu waliokuwa wametegemea vitu vingine kuliko Mungu walivileta na kuvitupa humo: hirizi, pembe zenye unga, kamba za kiunoni, mifupa ya ndege. Siidharau desturi ile. Nimewaona watu wazima wakilia kwa furaha baada ya kutupa kitu kilichowatisha tangu utotoni, wakalala vizuri kwa mara ya kwanza. Lakini moto haukuuliza ni nini kinachotupwa, na sisi pia tuliacha kuuliza.

Jumapili moja ya moto, mchungaji hakuwapo. Nilihubiri juu ya kuponywa na kumwamini Mungu. Nilichukua wafalme wawili wa Yuda. Mmoja aliugua miguu, akawatafuta waganga na hakumtafuta Bwana, akafa. Mwingine aliugua jipu, nabii akamwambia kwamba atakufa, naye akageuza uso ukutani, akaomba na kulia sana. Na kabla nabii hajatoka nje ya ua, Mungu alimrudisha na habari ya miaka kumi na mitano zaidi. Nilisimulia vizuri, nakiri. Nilisema: tazameni huyu wa waganga, tazameni huyu wa machozi, chagueni.

Ila kati ya ahadi ile na kupona kwake kuna mstari mfupi. Nabii anawaambia watu walete mkate wa tini, nao wanauleta, wanauweka juu ya jipu, mfalme anapona. Mstari huo niliuruka. Sikuuruka kwa hila. Sikujua tini ni nini. Hakuna mtu Kisangani aliyewahi kula tini, na niliogopa kwamba baada ya ibada mtu ataniuliza, nami mwalimu nitasimama mdomo wazi. Basi nikatoka kwenye ahadi, nikaenda moja kwa moja kwenye kupona, na hotuba ikawa laini, haina kokoto.

Tulipotoka nje moto ulikuwa unawaka. Mama mmoja alitupa hirizi. Mzee mmoja akatupa pembe. Halafu Yaya akatoka kwenye mstari wa wanawake, akiwa na kitambaa cheupe kichwani, akafungua kiganja, nikaona kikopo cha bati. Alinitazama kabla ya kukitupa. Ningeweza kutikisa kichwa tu, na angerudi. Nilichofanya ni kuanzisha wimbo. Nilijisikia fahari: dada yangu mwenyewe, mbele ya watu wote. Kikopo kiliingia motoni bila kelele. Ng'ambo ya barabara Papa Fundi aliinua pasi yake, akakaa ameishika hewani mpaka tulipomaliza kuimba.

Jumatatu Yaya hakwenda dispanseri, wala Jumatatu iliyofuata. Muuguzi alituma mtu kuuliza, nikamwambia aseme kwamba mama yule ameshapona. Na kweli baka lilionekana kama limefifia, au sisi tulilitazama kwa macho ya kutaka hivyo. Yaya alitoa ushuhuda kanisani. Watu walikuja kumshika ule mkono.

Mwezi wa sita au wa saba baada ya hapo, Papa Fundi aliniita barazani kwake nikitoka shuleni. Alikuwa na gauni la ubatizo mkononi, la pamba nyeupe, kazi aliyompa Yaya. Alilitandaza juu ya meza. Kwenye pindo, tangu mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na matone ya damu yaliyokauka, moja kila baada ya mishono kadhaa, karibu kwa mpangilio.

“Mwalimu,” alisema, “dada yako alijishona kidole. Pindo zima. Na hakusikia.”

Akalikunja gauni polepole, akasema atalishona upya yeye mwenyewe, mwenye mtoto asijue.

Ungetegemea kwamba hapo ndipo nilipofahamu. Hapana. Niliongeza maombi. Nilifunga siku tatu, nikamwomba Yaya naye afunge, na alipofunga na vidole viwili vya mwisho vikazidi kukunjika kuelekea kiganjani, nilikwenda mbali zaidi. Nilimketisha jikoni nikamuuliza kama kuna dhambi aliyoificha. Alikuwa anakata pondu, majani ya muhogo. Aliendelea kukata kwa muda, kisu kikiwa kimeshikwa vibaya kwa vidole vilivyobaki, kisha akaniambia bila hasira:

“Leki, mi nimechoka kujitafuta. Nimetafuta humu ndani mpaka hakuna kitu tena. Kama iko dhambi, Mungu anionyeshe. Mi nimechoka.”

Nilitoka nje. Maneno hayo yamekaa nami miaka mingi kuliko mahubiri yoyote niliyosikia au kutoa.

Kila Alhamisi mchana, sisi walimu wachache tulikwenda nyumbani kwa mmisionari mmoja mzee, mjane, aliyejua lugha ya Waebrania na aliyetufundisha Agano la Kale. Tulimwita Papa, ingawa alikuwa mundele, yaani Mzungu. Mtindo wake ulikuwa mmoja: tunasoma sura kwa sauti, tunainakili kwa mkono katika daftari, kisha tunauliza. Alhamisi hiyo nilifika kabla ya wenzangu. Nilimwambia yote, na mwishoni nikauliza kwa nini Mungu hakumponya dada yangu kama alivyomponya mfalme.

Alifungua kitabu chake, akanisogezea cha kwangu, akaniambia nisome habari ya mfalme yule. Nikasoma. Nilipofika kwenye ahadi, ulimi wangu ukapita mahali ulipozoea kupita.

“Umeruka,” alisema.

“Ni neno dogo, Papa.”

“Lisome.”

Nikalisoma. Aliniuliza kama najua tini ni nini, nikasema sijui. Hakucheka. Alinieleza kwamba katika nchi ile ni tunda la nyumbani kama ndizi zetu, kwamba waliligandamiza likiwa kavu likawa kama mkate, na kwamba kila mama alijua kulibandika juu ya jipu ili livute usaha. Haikuwa dawa ya ajabu. Ilikuwa dawa ya jikoni. Nabii alikuja na neno la Mungu kinywani, akatumia kinywa hichohicho kuagiza dawa ya jikoni, na katika nyumba ile yote hakuna aliyesema kwamba sasa imani imepungua.

Nikamuuliza kuhusu yule mfalme wa kwanza, aliyewaendea waganga. Alisema nisome vizuri tena: kosa lililoandikwa ni kwamba hakumtafuta Bwana. Aliwauliza watu tu, Mungu hakumuuliza kitu. Kisha aliniambia jambo ambalo ningependa kulikumbuka kikamilifu kuliko ninavyolikumbuka. Alisema neno ambalo Waebrania wanalitumia kwa kuponya mgonjwa ndilo linalotumika pale ambapo nabii mwingine alikuta madhabahu ya Bwana imebomolewa mlimani, akaijenga tena. Aliiponya ile madhabahu. Aliiponyaje? Aliokota mawe kumi na mawili, akayapanga. Moto wa Mungu ulishuka baadaye. Kwanza mtu aliinama, akaokota mawe.

Wenzangu wakaingia, darasa likaanza. Nilinakili sura ile nzima, pamoja na tini.

Nilipokuwa narudi nilipita kwa Papa Fundi. Sijui kwa nini nilimuuliza yeye. Nilimuuliza kama amewahi kusikia habari za tini.

“Tini?” alisema. “Mwenyezi Mungu ameapa kwayo katika kitabu chetu. Naisoma tangu niko na miaka saba. Ni tunda. Mi mwenyewe sijaiona, lakini kama yeye ameapa kwayo, yanitosha.” Akapuliza makaa ya pasi. “Weye umehubiri hapo mbele yangu miaka miwili. Hukuvuka barabara kuniuliza kitu hata siku moja.”

Nikasema ni kweli.

“Siku ile ulipochoma dawa,” alisema, “nilisema moyoni, bon, watu hawa afya imewachosha.”

Ilikuwa mzaha wake, na aliniangalia kuona kama nitaupokea. Niliupokea. Nilikaa kwenye kigoda chake cha wateja, nikalia, yeye akaendelea kupiga pasi ili nisione kwamba ananiona.

Yaya nilimkuta amekaa kando ya cherahani, hashoni, ameweka mkono wa kulia mapajani kama kitu cha mtu mwingine anachokitunza. Nikamwambia: niliruka mstari. Nikafungua daftari nikamsomea. Sikujitetea. Nilimwambia kwamba sikujua tini ni nini na niliona aibu, na kwa ajili ya aibu hiyo mkono wake uko vile.

Alinisikiliza hadi mwisho. Ni mimi niliyemfundisha kusoma, jioni baada ya kazi, na Jumapili alikuwa na kitabu chake mwenyewe, alizoea kufuata kwa kidole.

“Nilikuwa nimefungua hapohapo,” alisema. “Niliuona ule mustari. Nikasema, mwalimu ameuacha, mwalimu anajua sababu.”

Basi hiyo ndiyo ilikuwa imani yangu na imani yake. Yeye aliyasoma Maandiko kwa macho yake, akaamini ukimya wa mdogo wake kuliko alichokisoma. Na mimi nilikuwa nimemuuliza dhambi yake iko wapi.

Jumapili iliyofuata mchungaji alikuwapo. Nilimwomba dakika chache, nikasimama mbele ya watu nikausoma mstari wa tini, nikasema niliuruka, na nikasema kilichotupwa motoni kilikuwa zawadi ya Mungu na mimi niliimba kilipoungua. Hawakufurahi. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema kwa upole kwamba nimedhoofisha watu, kwamba sasa kila mtu atakimbilia dispanseri kabla ya kupiga magoti. Wengine waliitikia kwa vichwa kukubaliana naye. Yaya alisimama kwenye upande wa wanawake, akasema yeye atapiga magoti kwanza, halafu atakwenda. Akaketi.

Jumatatu tulikwenda. Muuguzi aliupokea mkono wake, akaugeuza, akanyoosha vidole viwili vilivyokunjika, vikarudi vyenyewe. Alimuuliza vidonge viko wapi. Yaya akasema vilitupwa. Alimuuliza nani alivitupa, na kabla sijafungua mdomo Yaya akasema, “Mimi.” Muuguzi aliandika. Kisha akasema sasa ugonjwa umekwenda mbali, hawezi tena kutibiwa nyumbani. Lazima akae kambini kwa wenye ukoma, ng'ambo ya mto. Dawa ingeweza kuuzuia ugonjwa. Vile vidole viwili hakuahidi. Na kama angeacha tena, alisema, ungekwenda kwenye vidole vingine, kisha mkono wa pili.

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa mbele yetu: mkono uliobaki. Kama utabaki mzima, atarudi ashone. Kama hautabaki, hatarudi.

Kambi ilikuwa mbali kidogo na stesheni ya treni ya ng'ambo, nyumba za matope zilizopangwa kwa mistari, mashamba ya muhogo na migomba nyuma yake. Jumamosi, shule ikifungwa saa sita, nilibeba kapu lenye lituma, ndizi za kupondwa zilizofungwa kwa majani, samaki waliokaushwa wa kutoka Isangi, sabuni, wakati mwingine kipande cha kitambaa, nikashuka mtoni kungoja mtumbwi. Upande wa juu Wagenia, wavuvi wa maporomoko, walikuwa wanaonekana kwenye miti yao juu ya maji, wakivuta vizimba vya samaki kana kwamba mto hauna nguvu. Mpiga kasia aliponiona na kapu alijua ninakokwenda, akaniketisha mwisho wa mtumbwi, mbali na wanawake wa sokoni. Nilizoea.

Mwaka wa kwanza nilikwenda kwa majuto, na majuto yana miguu mizuri. Mwaka wa pili yalianza kuchoka. Yaya alikuwa yuleyule kila Jumamosi: vidole viwili vimekunjika, vingine havijapona wala havijaharibika, vidonge vimemezwa, maombi yameombwa. Tulikaa mbele ya nyumba yake. Mvua ilinyesha au haikunyesha. Sikuwa na habari mpya ya kumpa, naye hakuwa nayo. Niliomba njiani kwa maneno yaleyale hadi sikujisikia tena nikiyasema.

Jumamosi moja nilifika mtoni, nikaweka kapu chini, nikaona mtumbwi unajaa watu, nikauacha uondoke. Ukaja wa pili, nikauacha. Nilikaa juu ya kapu hadi jua likashuka upande wa chini wa mto, kisha nikarudi nyumbani na lituma yake. Hakuna aliyenizuia kuvuka. Sikuwa mgonjwa. Sikuweza tu.

Alhamisi nilimwambia mwalimu wetu mzee. Nilimwambia nafikiri sina imani tena. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa amekonda, alisoma kwa kukohoa, na walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba atarudi kwao. Aliniuliza kama nakumbuka vita ile ya jangwani, mtu wa Mungu alipopanda kilimani na kuinua mikono, na watu wake wakishinda kila mikono ilipokuwa juu. Nikasema nakumbuka. Akauliza: mikono ilichoka? Nikasema ilichoka. Wakafanya nini? Nikasema walileta jiwe akaketi, na watu wawili wakaishika mikono yake, mmoja upande huu na mmoja upande ule, hadi jua likatua.

“Basi,” alisema, “pale ambapo Waebrania wanasema mikono yake haikuyumba, wanatumia neno lilelile wanalotumia kwa imani. Ni mikono ya mtu aliyechoka. Iko juu kwa sababu wawili wanaishika.” Akakohoa, akapumzika. “Nani yuko upande wa pili wa dada yako?”

Nilisema hakuna mtu.

Sikufikiri sana. Nilipofika mtaani nilivuka barabara. Safari hii nilivuka kwenda kuuliza. Nilimwambia Papa Fundi habari ya kilima, kwamba Jumamosi iliyopita sikuvuka, na kwamba siwezi peke yangu. Alikuwa anatia vifungo kwenye shati. Alisema habari hiyo ya nabii yule na fimbo yake anaijua, ingawa hakuwahi kusikia kwamba nabii aliketi.

“Unanitaka upande gani?” aliuliza. “Wa kuume mi siwezi, bega langu iko na baridi yabisi.”

Nikasema basi wa kushoto. Tangu wiki hiyo alivuka Jumamosi moja, mimi nyingine. Watu wa msikiti walimuuliza anatafuta nini kambini kwa Wakristo, na watu wa kanisa waliniuliza mimi kama nimeishiwa na ndugu. Yeye hakubeba lituma. Alibeba vitambaa vilivyokatwa na nyuzi, akampa Yaya kazi ya pindo za mkono, akamwambia mteja anangoja. Wiki nyingi hakukuwa na mteja. Alimfundisha kuangalia vidole vyake wakati wote anaposhona, kwa kuwa havikuweza kumwambia kitu: macho yasikie badala ya ngozi. Na alipoleta pindo nyumbani, alizikagua mbele yangu chini ya mwanga, akatafuta damu. Haikuwapo.

Ilichukua zaidi ya miaka mitatu, jumla. Mwalimu wetu mzee aliondoka kabla. Alinipa mkono mlangoni, akaniuliza hali ya dada, nikasema bado. Alisema, “Bado ni neno zuri.” Sikumwona tena.

Katika sheria ya Waebrania aliyetakasika hakujitangaza mwenyewe. Alikwenda kuonekana, akangoja siku saba, akaonekana tena, na mwingine ndiye aliyesema kwamba yu safi. Yaya naye alipimwa, akangojeshwa, akapimwa tena, kisha muuguzi akaandika karatasi na kuitia muhuri. Tulivuka naye siku ya kazi, mimi na Papa Fundi wote wawili, mtumbwi ukiwa na nafasi. Alikaa katikati. Alikuwa amechoka, nasi tulikuwa tumechoka, na maji yalikuwa mengi.

Vile vidole viwili havikunyooka kamwe. Namshukuru Mungu hata hivyo, na sisemi hivyo kwa kulazimishwa. Vingine vyote vilibaki, na mkono wa pili ulikuwa mzima. Jumapili watu wachache walimshika mkono, wengi waliinamisha vichwa kwa mbali. Moto ulikuwa umewashwa nje siku ile. Desturi ilikuwa bado ipo. Yaya alikwenda mbele akaweka juu ya meza ya Bwana kikopo kipya cha bati, tupu, cha vidonge vya mwisho. Mzee yule wa kanisa akamuuliza kwa sauti ndogo kama anataka kukitupa.

“Hapana, papa,” alisema. “Hiki tunakiacha hapa. Tunamushukuru Mungu na hiki.”

Mzee alikitazama, kisha akakisogeza kidogo pembeni, karibu na maua, kisianguke. Mchungaji akanigeukia, akaniambia nisome. Nilisoma sura ya mfalme yote, polepole, kokoto zote.

Cherahani ilikuwa imengoja nyumbani chini ya kitambaa. Tuligundua jambo ambalo hatukulifikiria: vidole vile viwili vilivyojikunja vilikaa vizuri kwenye kishikio cha gurudumu, kama ndoano. Aliweza kuzungusha siku nzima. Alichoshindwa ni kutunga uzi kwenye sindano. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimtungia sindano za kutosha siku nzima, nikazichoma kwenye mto mdogo, nyeupe upande huu na nyeusi upande ule. Nilifanya hivyo hadi nilipooa, na baada ya kuoa nilipita kwake kwanza. Papa Fundi alipofariki tulimzika pamoja na watu wake, na Yaya ndiye aliyeshona sanda.

Yeye naye amelala siku nyingi sasa. Ndege za uwanja wa Bangboka zinapita juu ya paa langu, na macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Wajukuu wananisomea Maandiko jioni, nami nawaambia wasiruke kitu, hata majina magumu, hata wasichokijua. Wakiuliza tini ni nini, nawaambia sijaiona.

Wewe unayesoma haya, kama mkono wako umechoka, Bwana akuletee jiwe la kuketi, na mtu upande wa kuume, na mtu upande wa kushoto, hata asiye wa nyumba yako ya ibada. Akufanye uzidi kuomba na uzidi kumeza dawa yako. Na jua litakapotua, akukute mikono yako bado iko juu.

Amina.